Fundi Saa wa Blois: Bingwa wa Kiini Macho Aliyetumwa Kuwatisha Waislamu wa Algeria

Msafiri atokaye Pwani akafika Isiolo, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Moyale, hukuta mchanganyiko wa watu: Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Alasiri, baada ya sala, wazee hukaa mikahawani wakinywa chai ya maziwa ya ngamia, na vijana huwa kando yao wameziinamia simu zao. Katika mkahawa mmoja wa namna hiyo, mwandishi wa makala haya alimwona kijana akichukua sarafu ya shilingi kumi, akaifumba mkononi, akapuliza, na alipofumbua mkono haukuwa na kitu. Kisha akaitoa sarafu ile nyuma ya sikio la mzee mmoja.

Wenzake walicheka, lakini mzee hakucheka. Alitaka kujua kama ule ulikuwa mchezo au sihiri, kwa maana sihiri ni haramu na si jambo la mzaha. Kijana akamweleza kwa adabu kwamba hakufundishwa na mganga wala jini, bali na video katika simu yake, ambamo mwalimu huonyesha polepole jinsi kidole gumba kinavyoibana sarafu kiganjani. Alikuwa ameirudia video hiyo mara nyingi mno, na vivyo hivyo amejifunza michezo ya karata.

Mzee akaridhika nusu, akauliza swali la pili. Ikiwa mtu aweza kufanya hivi, ni kitu gani kitakachomzuia kwenda mahali ambapo hakuna aliyeiona video hiyo, akajidai kwamba ana nguvu zipitazo za binadamu?

Swali hilo si dogo. Jibu lake limo katika maisha ya Mfaransa mmoja ambaye wafanya mazingaombwe wa dunia nzima humwita baba wa kazi yao.

KITABU KILICHOPOTEA NJIA

Jean-Eugène Robert alizaliwa Desemba 1805 katika mji wa Blois, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi saa, naye alitaka mwanawe awe mtu wa kalamu, akampeleka shule Orléans na baadaye akamtia kazi ya ukarani kwa wakili. Lakini mikono ya kijana haikutulia. Kila alipopata nafasi alichezea magurudumu na springi, hata mwishowe akaachiwa ajifunze ufundi wa saa kwa jamaa yake.

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikwenda duka la vitabu kuchukua kitabu cha ufundi wa saa alichokuwa amekiagiza. Mwenye duka, kwa kukosea, akamfungia kitabu kingine kilichoeleza michezo ya kisayansi na siri za wafanya kiini macho. Kijana alikifungua nyumbani usiku, na hakukirudisha.

Lakini kitabu kilieleza jambo linalotendeka bila kueleza vidole viende vipi. Huo ndio upungufu ambao video imeuziba siku hizi. Ilimbidi kijana aujaze kwa mazoezi. Alimlipa mtu mmoja wa Blois amfundishe kurusha na kudaka mipira kadhaa kwa pamoja, ili macho na mikono vipate wepesi. Kisha akawa na mifuko pande zote mbili za koti lake, akatia karata na sarafu, na alipokuwa akitembea njiani vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi humo ndani bila ya mtu kujua.

Mwaka 1830 alimwoa Josèphe Cécile Houdin, binti wa fundi saa wa Paris, akaliunganisha jina la mkewe na lake. Tangu hapo akawa Robert-Houdin.

JOHO LAVULIWA

Kwa miaka mingi aliishi kwa kutengeneza saa na sanamu za mashine. Mwaka 1844 alionyesha katika maonyesho makubwa ya Paris sanamu iliyoweza kuandika na kuchora, akapewa nishani ya fedha. Mfalme Louis-Philippe aliitazama, na baadaye Mmarekani mashuhuri wa maonyesho, P. T. Barnum, akainunua.

Julai 1845 alifungua ukumbi wake mwenyewe katika Palais-Royal, Paris. Zamani hizo wafanya mazingaombwe wengi walivaa majoho marefu na kofia za ncha, na meza zao zilifunikwa vitambaa vilivyoburura chini. Robert-Houdin aliyaondoa yote hayo. Alitokea katika nguo za kawaida za muungwana aendaye karamuni, na jukwaa lake halikujaa makorokoro. Alipendelea kusema kwamba mfanya kiini macho ni mchezaji tu wa tamthilia, anayecheza nafasi ya mchawi.

Mchezo uliowashangaza watu zaidi ni ule aliocheza na mwanawe Émile. Mtoto alifungwa kitambaa machoni, naye akavitaja vitu ambavyo baba yake alikuwa akivishika katikati ya watazamaji. Mwaka 1848, mapinduzi yalipozuka Paris na kumbi zikakosa watu, alivuka bahari akaenda London, akacheza hata mbele ya Malkia Victoria. Baada ya miaka michache alimwachia shemeji yake ukumbi, akarudi Blois kupumzika na kufanya majaribio ya umeme.

SAFARI YA ALGERIA

Hapa ndipo maisha yake yanapotugusa sisi. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830. Amiri Abdulkadir aliwapiga vita kwa miaka mingi hata akasalimu amri mwaka 1847, lakini watu wa milima ya Kabylia walikuwa hawajatiishwa. Wafaransa waliamini kwamba roho ya upinzani ilikuwa katika zawiya, kwa masheikh waliosifiwa kwa karama. Kanali de Neveu, aliyesimamia ofisi ya mambo ya Waarabu mjini Algiers, akawa na fikira ya kumleta bingwa wa kiini macho, ili wenyeji waone kwamba Mfaransa awapita masheikh wao.

Robert-Houdin alikubali, na mwezi wa Oktoba 1856 alisimama katika ukumbi wa Bab Azoun mbele ya machifu wa makabila waliovalia majoho yao na nishani zao. Alileta kisanduku kidogo ambacho mtoto angeweza kukinyanyua. Akamwita mtu mwenye misuli, akamwambia kwamba atamnyang'anya nguvu zake. Mtu yule akavuta kisanduku kwa mikono miwili na hakikuondoka. Kisha akapigwa na mtetemo mkali, akaanguka magoti, akakimbia nje.

Siri yake ilikuwa nyepesi. Chini ya kisanduku palikuwa na bamba la chuma, na chini ya sakafu sumaku ya umeme. Msaidizi alipounganisha waya, sumaku ilishika. Alipopitisha umeme katika mpini, mtu alitetemeka. Usiku huohuo alijifanya kuidaka risasi iliyotiwa alama, nayo ikaonekana ndani ya tofaa. Machifu walimpa hati iliyoandikwa kwa hati nzuri za Kiarabu kumsifu.

Habari hizi tunazipata zaidi katika kitabu chake mwenyewe kilichotoka miaka miwili baadaye, na mtu ajisifiapo kazi yake hupima kwa kibaba kikubwa. Tukitazama yaliyofuata, kisanduku hakikumaliza vita. Mwaka 1857 Jemadari Randon alilazimika kupanda Kabylia na maelfu ya askari. Miongoni mwa waliomkabili alikuwa Lalla Fatma N'Soumer, mwanamke wa nyumba ya zawiya, aliyekamatwa mwaka huohuo. Na mwaka 1871 Kabylia iliinuka tena chini ya al-Mokrani na Sheikh al-Haddad wa twarika ya Rahmaniya. Watu hawakuwa wakipigana kwa sababu ya karama tu. Walikuwa wakitetea ardhi na dini yao.

Hata huku kwetu ujanja huo ulipita. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson aliondoka Pwani ya Mombasa na wapagazi, akavuka nchi ya Wamasai hadi Laikipia, magharibi ya Isiolo ya leo. Alijitia uganga kwa kuyang'oa meno yake mawili ya bandia na kuyarudisha, na kwa kutia maji chumvi ya dawa iliyofoka povu.

AFUNUA SIRI

Katika uzee wake Robert-Houdin alifanya kazi nyingine iliyo kinyume na ile ya Algeria. Mwaka 1861 alitoa kitabu kilichofichua hila za wezi wa karata. Angalifika leo katika stendi zetu za mabasi na kuwaona wacheza pata potea, asingehitaji kuelezwa. Mwaka 1868 akatoa kingine kilichofundisha hatua kwa hatua kazi ya karata na sarafu. Kitabu hicho ni babu wa video za leo.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwanawe Eugène, afisa wa jeshi, aliuawa katika vita na Wajerumani mwaka 1870. Naye baba akafa kwa maradhi ya mapafu Juni 1871, wakati Kabylia ilipokuwa ingali inawaka moto. Mwaka 1888 ukumbi wake ulinunuliwa na Georges Méliès, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutia mazingaombwe katika filamu. Na kijana mmoja wa Marekani, Ehrich Weiss, aliongeza herufi moja kwenye jina lake akajiita Houdini.

Wasomaji wanakijua kisa cha Nabii Musa (A.S.) na wachawi wa Firauni, waliotupa kamba na fimbo zikaonekana machoni mwa watu kama zinakwenda. Waliotangulia kusujudu na kuamini ni wachawi wenyewe. Waliijua mipaka ya kazi yao, basi walipoona jambo lisilo la kazi hiyo, walilitambua mara moja. Mwenye ujuzi ni mgumu kudanganyika.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee wa Isiolo ni hili: hakuna kitu kimzuiacho mlaghai ila watu wenyewe kujua. Jioni ile, kabla ya Magharibi, mzee aliomba sarafu ile aonyeshwe polepole. Alijaribu kuibana kwa kidole gumba, ikamponyoka ikabingirika chini ya meza. Akaagiza aokotewe, akajaribu tena.