Bi Ra'ana, mjane aliyekuwa balozi

Tarehe 16 Oktoba 1951, Liaquat Ali Khan, Waziri Mkuu wa kwanza wa Pakistan, alipigwa risasi akiwa kwenye mkutano wa hadhara mjini Rawalpindi. Mkewe, Bi Ra'ana, alibaki mjane wa miaka 46 na wavulana wawili wa kulea. Mjane wa mkubwa hukaa eda, watu wakampa pole, halafu wakamsahau. Kwa Bi Ra'ana haikuwa hivyo.

Wala hakuachiwa mali ya kujivunia. Mumewe alitoka kwenye ukoo wa wenye mashamba, lakini nchi ilipogawanywa mwaka 1947 mashamba yalibaki India, na jumba lao la Delhi likawa la ubalozi wa Pakistan. Kwa hivyo wanaodhani alipewa ubalozi wa kukaa na kunywa chai, hawamjui.

Alizaliwa mwaka 1905 huko Almora, milimani kaskazini mwa India, katika nyumba ya Kikristo, na jina lake lilikuwa Sheila Irene Pant. Alisomea uchumi Lucknow hadi shahada ya pili, akafundisha chuo cha wasichana Delhi. Alisilimu alipoolewa. Wakimbizi walipomiminika Pakistan kwa mamilioni, yeye aliwatoa akina mama majumbani wakawauguze wagonjwa na kugawa chakula. Si jambo jepesi zama zile, maana wengi wao hawakuwa wamezoea hata kutoka nje. Mwaka 1949 akaanzisha jumuiya ya wanawake ya APWA, iliyojenga shule, zahanati na vituo vya kazi za mikono.

Mwaka 1954 serikali ikampeleka Uholanzi kuwa balozi. Hutajwa kuwa Mwislamu wa kwanza mwanamke kushika cheo hicho. Alikaa huko hadi 1961, kisha akahamishiwa Italia, akiwakilisha nchi yake Tunisia pia. Miaka zaidi ya kumi ugenini, mama asiye na mume, katika kazi ambayo mabalozi wenzake karibu wote walikuwa wanaume waliofuatana na wake zao wa kuwakaribisha wageni. Yeye alikuwa mwenyeji na balozi kwa pamoja.

Huku nyuma APWA haikunyamaza. Waziri Mkuu Mohammad Ali Bogra alipooa mke wa pili mwaka 1955, akina mama wale walipinga waziwazi, na vuguvugu hilo lilichangia sheria ya ndoa ya mwaka 1961, iliyotaka nikaha iandikishwe na mume apate idhini ya baraza kabla ya kuongeza mke. Masheikh wengi waliipinga sheria hiyo, na najua hata hapa kwetu wako watakaokunja uso. Lakini wajane na walioachwa bila cheti cha ndoa, ambao hata mitaani mwetu tunao, wanaelewa kwa nini ilitakiwa.

Aliporudi nyumbani hakustaafu. Mwaka 1973 aliteuliwa gavana wa Sindh, mwanamke wa kwanza Pakistan kuwa gavana wa jimbo. Mwaka 1978 Umoja wa Mataifa ukamtunuku tuzo yake ya haki za binadamu. Jenerali Zia alipotawala kwa mabavu, Bi Ra'ana, sasa bibi wa miaka zaidi ya 70, alimpinga hadharani, hasa juu ya sheria ya ushahidi wa wanawake.

Alifariki Karachi mwezi Juni 1990, akazikwa kando ya mumewe. Mwenyezi Mungu awarehemu.