Samuel Pepys na Bahasha ya Nahodha

Wenzangu wa bwenini mtakumbuka tulivyolazimishwa kuandika shajara kila jioni kabla ya taa kuzimwa. Yangu ilijaa uongo mtupu. Ndiyo sababu namstaajabia Samuel Pepys, mtoto wa mshona nguo wa London, aliyezaliwa mwaka 1633 na kusomea Cambridge.

Alianza shajara yake tarehe 1 Januari 1660, na mwaka huo huo akapata ukarani katika ofisi ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Aliandika kwa hatimkato. Humo mna tauni ya 1665 na moto wa 1666, alipozika divai na jibini bustanini. Lakini mimi, mtumishi wa serikali, hunasa kwenye Aprili 1663. Nahodha mmoja alimpa bahasha. Pepys akaifungua ofisini, akaikung'uta fedha zikadondoka bila kutazama ndani, ili akiulizwa aseme hakuona fedha katika karatasi ile. Kisha akayaandika yote hayo kwa mkono wake! Nami nimewahi kuwekewa bahasha mezani. Niliirudisha, ingawa baada ya siku mbili, na siku hizo sikuziandika popote.

Aliacha kuandika mwaka 1669 akihofia upofu, ambao haukumpata kamwe, alifariki 1703. Madaftari yake sita yakaishia katika Chuo cha Magdalene, Cambridge. Kuanzia 1819 John Smith alihangaika nayo miaka mitatu hivi kuyafumbua, asijue kwamba kitabu kinachofundisha hati ile kilikuwa katika maktaba hiyo hiyo.