Livingstone, Mtu Aliyechoshwa na Watu

Ukifika Mikindani utaonyeshwa nyumba ambayo inasemekana David Livingstone alikaa mwaka 1866. Wengi tunamjua kama msafiri na mpinga utumwa. Si wengi wanaojua kwamba kuishi naye kulikuwa kazi ngumu.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba. Alijizoeza kuvumilia, na aliyeshindwa kwenda mwendo wake alimwona mvivu. Katika safari ya Zambezi, 1858 hadi 1864, aligombana na wengi wa wenzake Wazungu. Alimfukuza mchoraji Thomas Baines kwa tuhuma za wizi, ambazo Baines alizikana daima.

Machi 1866 alifika kwenye mlango wa mto Ruvuma. Mikoko ikamzuia kushusha ngamia wake, akateremkia Mikindani. Safari hii hakuja na Mzungu hata mmoja, lakini udhaifu wa binadamu hauna rangi. Askari wa Kihindi waliwatesa wanyama, akawaachisha kazi. Karibu na Ziwa Nyasa, Musa na wenzake wa Anzuani walimtoroka kwa kuwaogopa Wangoni, kisha wakatangaza kwamba ameuawa. Januari 1867, watoro wengine wakaondoka na sanduku lake la dawa.

Katika Phaedo ya Plato, Sokrate anaeleza chuki kwa wanadamu inavyozaliwa: unamwamini mtu bila kumfahamu, anakusaliti, na ikirudiwa mara nyingi unawachukia wote. Livingstone alikuwa na kila sababu. Lakini mwaka 1868, wengi wa watu wake walipokataa kwenda Bangweulu, hakuwalaumu sana. Aliona wamechoka kama yeye, akazikumbuka kasoro zake mwenyewe. Waliporudi, akawapokea.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma na Susi, walioanza naye Mikindani, wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake, wao na wenzao waliubeba mwili kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, Februari 1874. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea, ingawa marehemu alikuwa Mprotestanti.

Mafrateri wenzangu, nanyi waamini, jumuiya zetu nazo huchosha. Tukumbuke tu kwamba watoro na waaminifu walitoka Mikindani katika msafara mmoja, na siku ile hakuna aliyeweza kuwatenganisha.