Wangari Maathai: Safari ya Masomo Iliyoanzia Ihithe

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma ng'ambo aghalabu hufikiriwa kuwa mtu wa kuhangaikia pasipoti, nauli na barua za chuo. Maisha ya Wangari Muta Maathai yanadhihirisha kwamba maandalizi hayo huanza miaka mingi kabla ya siku ya kuabiri ndege, na kwamba yanaweza kumpa mtoto kitu kimoja huku yakimpokonya kingine.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Baba yake, Muta, aliajiriwa na mlowezi mmoja karibu na Nakuru, na familia ikaishi huko kwa miaka michache. Mwaka 1947 mama yake, Wanjiru, alirejea naye Ihithe, ambako kaka zake walikuwa wakisoma. Baadaye Nderitu, kaka mkubwa, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shuleni kama wao. Swali lilikuwa dogo, lakini jibu lake lilikuwa zito. Wanjiru angeweza kusema kwamba anamhitaji binti huyo kumsaidia shambani, kutafuta kuni na kuteka maji, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikubali, na Wangari akaanza masomo akiwa na umri wa miaka minane.

Sambamba na shule hiyo, alikuwa na darasa jingine kwa mama yake. Huko alifundishwa kulima, na kwamba mkuyu, ambao Wakikuyu huuita mugumo, haukatwi kuni kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mkuyu mmoja palikuwa na kijito alikozoea kuteka maji na kuchezea mayai ya vyura akidhani ni shanga. Elimu hiyo yote aliipata kwa Kikuyu.

Mwaka 1951 alijiunga na shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia katika misheni ya Mathari, Nyeri, iliyosimamiwa na watawa wa Consolata. Hapo ndipo lugha ilipogeuka kuwa suala la nidhamu. Msichana aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivishwa kifungo kilichoitwa monita, chenye maneno ya kumdhalilisha, naye alikaa nacho hadi mwenzake anaswe na kukirithi. Mbinu hiyo ilifaulu, kwani wasichana walikijua Kiingereza vyema. Hata hivyo, pamoja na sarufi walijifunza kwamba lugha ya mama zao ni kitu cha kuonewa haya.

Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, bweni lilimkinga na mengi yaliyowakumba watu wa Nyeri. Mama yake alilazimika kuhamia katika kijiji cha kulindwa na askari. Wangari mwenyewe, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alikamatwa akiwa safarini kumtembelea baba yake, akazuiliwa kambini kwa siku mbili.

Kutoka Mathari alikwenda Loreto, Limuru, alikohitimu mwaka 1959 akiwa na mapenzi makubwa ya sayansi. Wasichana wengi waliofikia kiwango hicho walitarajiwa kuwa walimu au wauguzi. Yeye alinuia kwenda Makerere. Wakati huohuo, Tom Mboya, akishirikiana na Gikonyo Kiano wa Murang'a, alikuwa akitafuta nafasi za masomo Marekani kwa vijana watakaoliendesha taifa baada ya uhuru. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulikubali kugharamia usafiri, na Wangari akawa miongoni mwa wanafunzi takribani mia tatu waliochaguliwa. Aliondoka mwezi Septemba.

Katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimboni Kansas, Kiingereza cha Mathari kilimfaa sana. Alihitimu mwaka 1964 katika biolojia, kisha akasomea shahada ya uzamili Pittsburgh. Aliporejea Kenya mwezi Januari 1966, alikuta kazi aliyoahidiwa kwa maandishi katika chuo kikuu cha Nairobi imepewa mtu mwingine. Alipata nafasi katika idara nyingine chuoni humo, akaenda Ujerumani kufanya utafiti, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu. Katika kipindi hicho cha kurejea aliweka kando jina la Mary Josephine, akajitambulisha kwa majina yake ya kuzaliwa, Wangari Muta.

Baadaye, huko Nyeri, aliona kwamba mkuyu ule ulikuwa umekatwa ili kupisha majani chai, na kijito kimekauka. Maabara ilikuwa imemfundisha jinsi mizizi inavyoshikilia udongo na maji. Ila ni Wanjiru aliyekuwa amemfundisha kwanza kwamba mti huo usiguswe. Elimu hizo mbili zilikutana mwaka 1977 alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walipoeleza uhaba wa kuni na maji, hakuhitaji mkalimani.

Alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, Mwafrika wa kwanza wa kike kuipata. Katika kitabu chake The Challenge for Africa cha mwaka 2009 alizitetea lugha za mama, akiwakosoa viongozi wanaowahutubia wananchi kwa lugha wasiyoielewa. Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Shule ilimwandaa kuondoka kwa kumfunza kuionea haya lugha ya mama yake. Kazi aliyoifanya baada ya kurudi ilisimama juu ya lugha hiyohiyo.