Kapteni Charles Sturt na Joto la Jangwa

Charles Sturt alizaliwa mwaka 1795 katika Bengal, Bara Hindi, mtoto wa hakimu Mwingereza. Alisomea Uingereza, akawa askari, na mwaka 1827 akafika Australia na kikosi chake. Miaka mitatu baadaye alikuwa amekwisha kuufuata mto Murray kwa mashua hadi baharini. Safari hiyo ilimpatia sifa kubwa, lakini iliyadhoofisha macho yake.

Siku zile watu wengi walidhani kwamba katikati ya Australia kuna bahari. Mwezi wa Agosti 1844 Sturt alitoka Adelaide kwenda kuitafuta. Alichukua wenzake wachache, farasi, ng'ombe wa kukokota magari, kondoo 200 wa kuliwa, na mashua. Bahari hiyo haikuwako.

Januari 1845, wakati wa kiangazi cha huko, walifika penye korongo lenye maji, karibu na Milparinka ya leo. Mara visima vya nyuma yao vikakauka, na mbele hapakuwa na maji. Hawakuweza kuendelea wala kurudi. Wakakaa pale karibu miezi sita.

Sturt aliandika kwamba kivulini joto lilifika nyuzi 55 za Sentigredi. Kipimo chake hakikuwekwa kama vinavyowekwa vya leo, maana rekodi rasmi ya Australia ni nyuzi 50.7. Lakini dalili zilionekana wazi. Skurubu zilichomoka masandukuni, vitana vikapasuka, wino ukakauka kalamuni. Nywele za watu na sufu ya kondoo zikaacha kukua, na kucha zikavunjika kama kioo.

Basi Sturt akaamuru kichimbwe chumba chini ya ardhi. Udongo wa chini haupati moto upesi kama hewa ya juu, na mle waliweza kupumua na kuandika. Hata leo, katika mji wa Coober Pedy, watu wengi huishi katika nyumba zilizochimbwa vivyo hivyo. Tena, ili watu wake wasikate tamaa kwa kukaa bure, aliwapa kazi ya kujenga mnara wa mawe juu ya kilima.

Adui mwingine alikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda mabichi. Msaidizi wake, James Poole, aliugua hata akashindwa kutembea. Mvua ilinyesha Julai, njia ikafunguka, na Poole akapakiwa garini arudishwe nyumbani. Siku chache tu baadaye akafa. Wakamzika karibu na kambi, na mnara ule ukawa ukumbusho wake.

Sturt akasonga mbele tena mpaka matuta ya mchanga yakamzuia. Alirudi Adelaide Januari 1846. Njiani kiseyeye kilimwangusha naye, akabebwa garini, na matunda ya porini wanayokula wenyeji yakamsaidia kupata nguvu. Alifariki Uingereza mwaka 1869.

Ndugu msomaji, Sturt hakuyaokoa maisha ya wenzake kwa kushindana na jua. Aliwaokoa kwa kukubali kukaa, kuchimba na kungoja. Lakini chakula cha wenyeji, ambacho pengine kingalimponya Poole, alikithamini akiwa amechelewa. Mgeni katika nchi ya joto na aulize kwanza wenye nchi wanaishije.