Kasisi Aliyewafungulia Raia Nyaraka za Serikali

Kila nifundishapo Kifungu cha 35 cha Katiba yetu ya mwaka 2010, kimpacho raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, humkumbuka Anders Chydenius. Alizaliwa mwaka 1729 nchini Ufini, iliyokuwa wakati huo chini ya Uswidi, akawa kasisi wa kanisa dogo la mashambani. Mwaka 1765 alikwenda Stockholm kuwawakilisha makasisi bungeni. Humo alipigania sheria ya uhuru wa uchapishaji, iliyomruhusu raia kunakili na kuchapisha nyaraka za serikali. Ilipotiwa sahihi Desemba 2, 1766, mwenyewe hakuwamo bungeni. Alikwisha kufukuzwa kwa kukosoa sera ya fedha. Mfalme Gustav III alipotwaa mamlaka mwaka 1772, uhuru huo ukabanwa. Chydenius alifariki mwaka 1803.

Walimu wenzangu, sheria yetu ya mwaka 2016 humtaka afisa kumjibu mwombaji katika siku 21. Je, ni wanafunzi wangapi wamewahi kuandika ombi hilo? Haki isiyodaiwa hubanwa pasipo hata mfalme. Tuwafunze kuidai.