Binti wa Lyon na nauli ya kuja Kilema



Ukipanda Kilema, wazee watakuonyesha mahali ambapo Ukatoliki ulianzia katika mlima wetu. Watakutajia mwaka 1890. Watakutajia Askofu Raoul de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, pamoja na Mangi Fumba aliyewapokea. Ukiwa na bahati utapewa kikombe cha kahawa, uambiwe kwamba hata mibuni ililetwa na mapadre. Jambo moja huenda usiambiwe, na mimi sikuambiwa mpaka nilipofika seminari kuu: ni nani aliyelipa nauli? Meli ilikuwa na gharama yake, wapagazi walidai ujira wao, misumari, dawa na vitabu vilinunuliwa. Mapadre wale hawakuwa matajiri.

Sehemu kubwa ya fedha za misheni za wakati ule, Zanzibar na Bagamoyo kwanza, kisha huku bara, ilitoka kwa Shirika la Uenezaji wa Imani na kwa Shirika la Utoto Mtakatifu. Fedha hizo hazikutoka kwa mfalme. Zilichangwa na watu wa kawaida wa Ulaya, wengi wao wafanyakazi, kidogo kidogo, kila juma. Na aliyewafundisha kuchanga hivyo alikuwa mwanamke mlei ambaye hakuwahi kuuona mlima huu. Alifariki miaka 28 kabla ya misheni ya Kilema kufunguliwa. Jina lake ni Pauline Jaricot.

Alizaliwa Lyon, Ufaransa, tarehe 22 Julai 1799, kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na nyumba yao haikukosa kitu. Usidhani alizaliwa mtakatifu. Alikuwa msichana wa kupenda kioo, nguo nzuri na kusifiwa. Akiwa na miaka 15 alianguka kutoka juu ya kiti, na baada ya kuanguka akaugua ugonjwa uliomharibia usemi na kumfanya ashindwe kuviongoza viungo vyake. Mama yake naye akaugua, akafa kabla binti hajapona.

Alipona polepole, na akarudia nguo zake nzuri. Kisha ikaja Kwaresima ya mwaka 1816. Katika kanisa la Saint-Nizier alimsikia Padre Würtz akihubiri juu ya majivuno. Pauline alikuwa amekaa pale amejipamba. Baada ya mahubiri alimfuata padre, na maisha yake yakageuka. Aliuza mapambo yake, akaanza kuvaa kama wanawake vibarua wa mji ule, akawa anakwenda hospitali kuwauguza wagonjwa ambao wengine hawakutaka kuwagusa. Krismasi ya mwaka huohuo aliweka nadhiri ya useja, lakini hakuingia utawani. Alibaki mlei mpaka kufa, na hili naomba ulikumbuke, kwa sababu wengi wetu bado tunaamini kwamba mwanamke akitaka kumtumikia Mungu kwa dhati lazima kwanza avae shela.

Kaka yake Philéas alikuwa akisomea upadre Paris, na kwa barua alimweleza jinsi wamisionari wa Asia walivyokuwa na dhiki. Pauline angeweza kumwomba baba yake fedha, zikatumwa, habari ikaisha. Badala yake aliwaendea wasichana wa kiwandani. Dada yake na shemeji yake walikuwa na kiwanda cha hariri Saint-Vallier, kusini ya Lyon, na hapo Pauline alikuwa tayari amewakusanya mabinti katika kikundi cha sala. Aliwaomba sala kila siku na sou moja kila juma. Sou ni sarafu ndogo, ishirini ndizo zilifanya faranga moja.

Mwaka 1819 akapata wazo lililobaki mpaka leo. Kila mtu atafute wenzake kumi. Mmoja akusanye sou za kumi wake. Wakusanyaji kumi wampelekee mmoja, naye awe na watu mia. Wa mia kumi wampelekee mmoja, naye awe na elfu. Ukifungua kitabu cha Kutoka sura ya 18 utamkuta Yethro akimshauri mkwewe Musa jambo la namna hiyohiyo, viongozi wa makumi, wa hamsini, wa mamia na wa maelfu, ili Musa asichoke na watu wasichoke. Na sisi wa jumuiya ndogo ndogo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Angalia ujanja wa jambo hili. Tajiri mmoja akikasirika, msaada wake hukatika. Lakini watu elfu wenye sou moja hawakasiriki wote siku moja. Tena aliyetoa sou yake anataka kujua imefika wapi, kwa hiyo anasoma habari za misheni, anasali, anamwita jirani. Wasichana ambao hakuna aliyewauliza maoni yao kiwandani wakawa na neno katika kazi ya Kanisa zima. Sidhani kwamba Pauline alikaa akafikiri juu ya usawa wa wanawake na wanaume kwa maneno tunayotumia leo. Lakini alimpa binti wa kufuma hariri daftari na hesabu, akamwamini.

Baadhi ya mapadre wa Lyon walinung'unika kwamba msichana anakusanya fedha. Hata hivyo kazi ilikua, na tarehe 3 Mei 1822 wanaume wa mji ule, mapadre na walei wenye heshima, walikutana wakaunda rasmi Shirika la Uenezaji wa Imani, la kusaidia misheni zote za dunia. Walichukua mpango wa Pauline wa kumi, mia na elfu. Baraza likawa la wanaume watupu. Mwenye wazo akabaki mkusanyaji wa sehemu yake, na miaka ilivyopita wako waliokana kabisa kwamba yeye ndiye mwanzilishi.

Hapa, msomaji, nina la kuungama. Nilipokuwa paroko kijana katika parokia moja ya huku mlimani, akina mama wa jumuiya mbili walikuwa na mfuko wao wa kusomesha mabinti waliokwama ada. Ulikuwa mdogo na ulikwenda vizuri. Mimi, kwa nia njema, nikaona uwe wa parokia nzima. Tukaunda kamati. Mwenyekiti, katibu na mhazini wote wakawa wanaume, kwa kuwa, tulisema, ndio wenye uzoefu wa hesabu. Akina mama tukawaachia kuchangisha. Haukupita mwaka, fedha zikawa zimejenga ukuta wa uwanja wa kanisa, na mabinti wawili wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Ukuta upo mpaka leo. Mama mmoja aliniuliza, kwa adabu sana, kama ule ukuta utafanya mtihani wa kidato cha nne. Sikuwa na jibu.

Pauline hakugombana na baraza. Aliendelea kukusanya. Mwaka 1826 alianzisha Rozari Hai, unayoifahamu kwa sababu huenda mama yako yumo. Watu kumi na watano, kila mmoja fumbo moja kwa siku, na rozari nzima inakuwa imesaliwa. Ndani ya miaka michache wanachama Ufaransa walihesabiwa kupita milioni moja. Askofu Charles de Forbin-Janson alipokuwa na wazo la kuwasaidia watoto wa nchi za misheni, alikwenda kushauriana naye, na mwaka 1843 likazaliwa Shirika la Utoto Mtakatifu. Fedha za shirika hilo ziliwakomboa watoto wengi waliokuwa wakiuzwa sokoni Zanzibar, wakalelewa Bagamoyo.

Mwaka 1835, akiwa na ugonjwa wa moyo, alikwenda Roma. Papa Gregori XVI mwenyewe alimtembelea kitandani, akimwona kama mtu wa kufa wakati wowote. Kutoka hapo alipelekwa Mugnano, kwenye masalia ya Mtakatifu Filomena, akarudi Roma akitembea kwa miguu yake mbele ya Papa aliyestaajabu. (Filomena huyo aliondolewa katika kalenda ya liturujia mwaka 1961, lakini hiyo ni habari ya Dominika nyingine.)

Sasa naja kwenye sehemu ambayo vitabu vya sala hupita haraka. Mwaka 1831, na tena 1834, wafumaji wa Lyon waliasi kwa sababu ya ujira, na jeshi likawapiga. Pauline aliona kwa macho yake. Aliona kwamba sadaka ya mkate ni njema, lakini kesho yake njaa inarudi, kwa kuwa kinacholeta njaa hakijaguswa. Akataka kuwe na mahali ambapo mfanyakazi analipwa kwa haki, ana nyumba, watoto wake wana shule, na anapata nafasi ya kusali. Mwaka 1845 akanunua tanuru za chuma huko Rustrel, kusini mwa Ufaransa, akitumia mali yake na akiba za watu wadogo waliomwamini.

Wewe wa Kilimanjaro unaelewa tofauti hiyo bila mimi kuhubiri. Tunaweza kumchangia mjane unga na sukari wakati wa msiba, na tunafanya hivyo vizuri sana. Lakini shemeji akija baada ya arobaini kudai kihamba, kwa kuwa kwa mila kihamba ni cha mtoto wa kiume, unga wetu unasaidia nini? Binti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27, hawakumwomba Musa chakula. Walisimama pamoja mbele ya mkutano wote wakaomba urithi wa baba yao, na Mungu akasema wana haki, na sheria ikabadilishwa. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hapa Moshi lipo shirika la KWIECO, lililoanzishwa na wanawake, linalowasaidia wanawake kuipata haki hiyo. Ni kazi ya polepole, haina picha nzuri kama ya kukabidhi magunia, na ndiyo maana wachangiaji wake ni wachache.

Rustrel ilishindwa. Watu aliowakabidhi mradi walimdanganya, fedha zikapotea, kampuni ikafilisika. Pauline angeweza kusema nami nimeibiwa. Hakusema. Alihesabu madeni yote kuwa yake, hasa ya wale maskini waliotoa akiba zao, akatumia miaka iliyobaki akibisha milango kutafuta fedha za kuwarudishia. Aliomba msaada kwa baraza la Shirika la Uenezaji wa Imani. Alikataliwa. Mwaka 1853 mwanamke ambaye wazo lake lilikuwa likilisha misheni duniani kote aliandikishwa rasmi mjini kwake kuwa fukara. Alifariki tarehe 9 Januari 1862, madeni yakiwa hayajaisha.

Kanisa lilichelewa. Mwaka 1922 Papa Pio XI alilifanya shirika lile kuwa la Kipapa na kulihamishia Roma. Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII alitambua fadhila zake. Tarehe 22 Mei 2022, mjini Lyon, Kardinali Luis Antonio Tagle alimtangaza Mwenye Heri, miaka mia mbili tangu lile baraza la wanaume kukutana. Mwaka huohuo WAWATA wetu walikuwa wakiadhimisha miaka 50. Mwili wake umelazwa Saint-Nizier, kanisa lilelile alilokaa amejipamba Kwaresima ile.

Akina mama niliokusimulia walianza upya baada ya mimi kuhamishwa. Mwaka jana walinialika. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, kwa hiyo haliwezi kufunguliwa mpaka wote wawepo. Nilisali, nikatoa mchango wangu kama mtu mwingine, nikaandikiwa risiti. Nilipouliza ni mabinti wangapi wanaosomeshwa, mhazini alifungua daftari akaanza kunisomea majina.